Alhamisi, Siku ya Kusoma

Niliamini kabisa kwamba mtoto akifungua kitabu karibu na chungu cha pombe ya ulezi, pombe haichachi na macho yake yanageuka mawe. Aliyenijaza ujinga huo ni baba mdogo, mwalimu wetu wa nyumbani.

Nimeyakumbuka hayo juzi, jirani yangu hapa Sumbawanga aliponionyesha ratiba ya wiki ya wanawe wanaosomea nyumbani, yenye rangi nyingi kushinda kanga za harusini. Mimi niliyejulia kusoma ukubwani, darasa la usiku, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Masika moja ya utoto wangu, mto ulimeza daraja la kwendea shule. Baba mdogo akajitangaza mwalimu, kifua mbele kama waziri. Jumatatu hesabu, Jumanne nyimbo, Jumatano kulima matuta. Somo la kusoma akalipanga Alhamisi, siku ambayo shangazi hupika pombe. Hakuiandika ratiba popote. Ati ratiba ya kweli hukaa kichwani. Kichwa chenyewe ghala la panya!

Nami nilitamani kusoma katekisimu kabla ya komunyo ya kwanza. Alhamisi moja, jikoni kukinuka moshi na kimea, nikampelekea kitabu.

"Baba mdogo, leo nifundishe."

"We! Unataka kuharibu pombe ya watu?"

Akatoka mbio, kata ya pombe mkononi.

Nikamsihi shangazi abadilishe siku ya kupika. Akacheka hadi mwiko ukamdondoka.

"Hata nikipika Jumapili, mwanangu, atatafuta chungu kingine. Baba yako mdogo hajui kusoma."