Pikapu ya Baba na Siri ya Kivukoni

Mwezi uliopita nilinunua gari langu la kwanza, dogo, jeupe, lenye mkwaruzo mlangoni. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Mama twende Sengerema. Nilitaka kupiga picha na pikapu ya bluu ya marehemu Baba, gari lake la kwanza, ambalo alimwachia rafiki yake Mzee Masalu nikiwa bado shule ya msingi. Ukoo mzima unajua Baba alikuwa dereva hodari, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba nimefuata damu.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Ilemela. Mama, mwenye miaka sitini na minane, alikaa kando yangu na mkoba mapajani, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo kila nilipokaribia kona. Mkuyuni tulisimama kununua mkate na sukari vya kumpelekea mwenyeji.

“Hongera dada, gari zuri,” muuza duka akaniambia.

“Ngoja kwanza tufike,” Mama akamjibu.

Kigongo tulipanda daraja, pale ambapo zamani tulisubiri kivuko. Mama alitazama maji huko chini, akacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

“Endesha, Kabula.”

Saa nne na nusu tuliingia kwa Mzee Masalu kupitia kichochoro chembamba, uzio wa minyaa upande huu, mawe makubwa upande ule. Mzee alikuwa mlangoni.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Shemeji, karibuni.”

Pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya matofali, haina tairi hata moja. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na kuku aliyeatamia mayai, na alinitazama kwa namna ambayo sikuthubutu kumwomba anipishe. Nikapiga picha nikiwa upande wa abiria. Kisha tukala ugali na sato, wazee wakazungumza habari za waliooa na waliozikwa.

Saa tisa tuliaga. Hapakuwa na nafasi ya kugeuza, ilibidi nitoke kinyumenyume. Mara ya kwanza niliingia kwenye minyaa. Mara ya pili nilisimama kiganja kimoja kutoka kwenye jiwe. Mzee Masalu alicheka mpaka akatafuta kigoda.

“Huyu ni baba yake mtupu,” akasema.

“Kwa udereva?”

“Kwa rivasi. Baba yako hakuijua mpaka anakufa.”

“Masalu, ulimwahidi,” Mama akasema.

“Nilimwahidi akiwa hai, shemeji.”

Ndipo nikasimuliwa. Kigongo magari yaliingia kivukoni kinyumenyume, na abiria walishuka kutembea. Baba alitushika mikono sisi watoto, akisema mzazi haachi watoto karibu na maji, akatutanguliza mpaka mbele kabisa kutazama ziwa. Mama alibaki nyuma, eti kulinda mizigo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiiingiza pikapu.

“Ulijifunzia wapi?” nikamuuliza.

“Kaka yangu aliendesha trekta la pamba. Nilijua kurudisha tela kabla sijajua kwenda mbele.” Akanyoosha mkono. “Nipe ufunguo.”

Nilisita. Gari lilikuwa na siku chache tu mikononi mwangu, na Mama sikuwahi kumwona akishika usukani. Nikampa. Akavua kandambili, akasogeza kiti, akatazama nyuma mara moja, akalitoa gari mpaka barabarani bila kugusa hata jani. Kisha akahamia kiti chake na kuchukua mkoba.

Njia nzima ya kurudi nilitaka kujua kwa nini hakutuambia.

“Mbele alikuwa anakwenda vizuri,” akasema. “Nimwaibishe kwa rivasi ili iweje?”

Tulifika Ilemela jua likiwa bado juu. Siku hizi watu wakiniuliza nimerithi kwa nani udereva, nawajibu kwa usahihi: kwenda mbele nimerithi kwa Baba. Kurudi nyuma ndiyo kwanza najifunza, kila Jumamosi, na mwalimu wangu hana subira hata kidogo.