Kianzio Kirefu cha Shigela

Baba mdogo Shigela hawezi kuanza wimbo bila kuuzunguka kwanza. Anagonga nyuzi mbili za chini, anasikiliza, anarudia, anaongeza moja. Besi inamfuata taratibu, ngoma inangoja. Nyimbo zote za Mfereji Jazz zinaanza hivyo, zinachelewa kujitaja jina. Mpaka Silvester mwimbaji afungue mdomo, kuna watu wameshatoka kwenda kukojoa na wamerudi.

Sisi tunaita kianzio. Hapa Ubaruku watu wamegombana juu ya hicho kianzio karibu sawa na wanavyogombania maji ya mfereji, na maji ya mfereji watu wanaonyeshana majembe.

Shigela alikitoa Nyololo, huko Mufindi. Wazee wetu walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakakaa bonde la Usangu, na wafugaji walipoambiwa watoke bondeni, babu na baba yangu walishika njia ya Lindi na ng'ombe waliobaki. Shigela, alikuwa kijana bado, akakataa. Akapanda barabara kuu mpaka Mufindi, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye baa moja ya Nyololo ambapo malori yanalala. Pale alikuwepo Mbena mmoja, mzee Gerson, mpiga gitaa. Madereva walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wamekunjamana kwa baridi, wanaagiza nyama. Gerson haimbi. Anapiga tu gitaa, anazunguka, mpaka sahani ya mwisho imefika na watu wameinua nyuso. Ndiyo aimbe.

"Ukimwimbia mtu anatafuna, unaiimbia nyama," alikuwa anamwambia. "Na ukimwimbia mtu amekupa mgongo, unaliimbia koti lake. Ngoja akugeukie."

Hilo Shigela alilishika kuliko wengine wanavyoshika amri za kanisani. Huko huko alimpata mama mdogo Regina, akarudi naye bondeni kulima mpunga. Mdogo wake Regina, Sosthenes, akawafuata, na sasa ndiye anaendesha mashine ya kukoboa pale karibu na soko. Mimi nililetwa kwao kutoka Lindi nikiwa mdogo, nimekulia hapo.

Gitaa lenyewe si lake. Mashabiki ndio walilinunua, kila mtu alitoa debe la mpunga wakati wa mavuno, na mwenyekiti wao ni Yotamu kinyozi. Yotamu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hawezi kukaa kimya hata akiwa ameshika wembe kwenye shingo yako.

Sasa, mashindano yetu hayana majaji wa kukaa mezani. Huu ni utaratibu Wasukuma walikuja nao: makundi mawili, uwanja mmoja, yanaanza pamoja, hili huku na lile kule. Watu wenyewe ndio kura. Unasimama kwa anayekuvuta, ukichoka unavuka kwa mwingine. Katikati kuna kamba imelazwa chini. Mzee Aroni, msimamizi, akipuliza filimbi, kamba inanyanyuliwa kiunoni na hakuna kuvuka tena. Aliyejaza upande wake ameshinda. Filimbi inakuja wakati wowote Aroni akiona inafaa, ili bendi zisifiche wimbo mzuri wa mwisho. Ila kwa kawaida anaacha nyimbo nne, tano zipite.

Misimu miwili mfululizo Skimu Sound wa Madibira walitupiga. Wao wakiambiwa anzeni tu wanaimba, hawaulizi.

Ugomvi mkubwa niliuona mashineni. Tulikuwa tumeanika mpunga kwenye maturubai, watu wanaugeuza kwa miguu, foleni ya kukoboa ndefu. Yotamu alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Jamani, semeni kama nasema uongo. Ule wimbo wa Jumapili, mke wangu alikuwa na mimba Shigela akianza kuupiga. Silvester anakuja kuimba, mtoto anatambaa!"

Watu wakacheka. Sosthenes akatoa kichwa mashineni, pumba zimemjaa kwenye kope.

"Wewe ndiyo huna masikio. Unataka muziki wa kumeza kama kidonge. Wimbo lazima ufunguliwe mlango, uingie, ukae. Kianzio ndiyo wimbo! Maneno yale ya Silvester hata wewe unaweza kuimba."

"Naweza, na ningekuwa nimemaliza."

"Njoo uone." Sosthenes akatoa simu, kioo kimepasuka. "Wazungu wa roki hawa. Tazama huyu. Yuko peke yake na gitaa, hakuna anayeimba, watu elfu na elfu, wananyoosha mikono, huyu dada hapa analia machozi. Na bado hajaanza! Hawa hawana akili?"

Yotamu akaitazama ile simu kwa heshima kabisa. Akairudisha.

"Hawa wamekata tiketi, Sosthenes. Mlango umefungwa. Watakwenda wapi? Sisi uwanja uko wazi, na ng'ambo kule Skimu wanakatika viuno. Mtu hangoji mchuzi wakati jirani amekwisha pakua."

"Basi nenda kwa jirani."

"Nitakwenda!"

"Mzee anazingua," akasema kijana mmoja kwenye foleni. "Mathew angepewa lile gitaa, noma." Mathew ndiye anapiga kinanda cha Mfereji Jazz, na gitaa anaweza pia, anapiga kama mtu anayekimbia mvua.

Hapo Yotamu akashuka kwenye gunia. "Na ndivyo kamati ilivyosema. Tukipigwa mara ya tatu, gitaa linakwenda kwa Mathew. Mimi nimetumwa kumwambia."

Wakati wote huo baba mdogo alikuwa pale pale, anageuza mpunga wake kwa miguu, mstari baada ya mstari, kama wanamsema mtu wa Mbeya mjini. Yotamu akamfuata mpaka ukingoni mwa turubai.

"Mzee wangu, umesikia."

"Nimesikia."

"Fupisha tu. Nani amekataa usipige?"

"Nitapima mwenyewe, Yotamu."

"Utapima kwa nini? Kwa debe?"

Shigela aligeuza mpaka mwisho wa turubai, akarudi.

Lakini alifupisha. Hilo mashabiki hawalijui, na nikiwaambia leo wananitazama tu. Jioni zote za wiki zile alikaa nyuma ya nyumba na lile gitaa bila spika, anakata. Anapiga, anaacha, anakata tena. Regina alikuwa anapepeta mchele, akasimama na ungo mkononi.

"Mbona umekiondoa kile kipande cha juu? Ndicho kizuri."

"Kinachelewesha."

"Nani amesema?"

"Wote."

Mama mdogo akarudi kupepeta. Nikamwona anapepeta mchele ambao ulishakuwa safi.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali na upepo wa mavumbi. Madibira walikuja na malori mawili ya watu, lakini sisi tuko kwetu, upande wetu ulikuwa umejaa. Jenereta zilikuwa zinanguruma huku na kule. Aroni, mzee mwembamba wa koti jeusi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake kwenye ncha ya kamba, na vijana wawili wa kuinyanyua.

Kabla ya kuanza nikasikia maneno yanapita kwenye umati wetu, mtu anamnong'oneza mtu. Yalitoka kwa Yotamu. Akianza kuzungusha tu, tunavuka wote. Akianza wimbo, tunarudi. Leo tumfundishe.

Regina akamshika Yotamu shati. "Acha utoto. Utavukaje bendi yako?"

"Mama, dakika moja tu! Aone mwenyewe uwanja mweupe, aimbishe. Filimbi bado sana. Mzee Aroni tunamjua."

Sosthenes alikuwa mbali, kwenye jenereta, hakusikia chochote.

Wakaanza. Skimu Sound wakafumuka na sauti tatu kwa pamoja. Kwetu, baba mdogo akagonga zile nyuzi mbili za chini, akarudia, akaongeza moja. Mimi nilikuwa nakijua kile kianzio kipya, kilikuwa kimebaki kidogo sana. Alishainua uso kumtazama Silvester, na Silvester alishasogeza mdomo kwenye maiki.

Hapo Yotamu akapiga kelele: "Haya!"

Wakaondoka. Mstari wa mbele, ule wa mashabiki wenyewe, wenye fulana za bendi, wakageuka wakakimbia wanacheka, wanashikana mikono kama watoto wa shule wametoka. Na watu wakikimbia, wengine wanafuata bila kujua kwa nini. Vumbi likasimama.

Shigela hakumpa Silvester ishara. Akarudi kwenye zile nyuzi za chini.

Nilimwona. Hakufumba macho kama wanavyosema. Alikuwa anatazama migongo ya watu, na mtu aliyekupa mgongo haimbiwi, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo akawaita. Akarudisha kile kipande cha juu alichokuwa amekikata, akakizungusha, akakipandisha, na naapa sijawahi kusikia gitaa linaita hivyo. Silvester alikuwa anamtazama, amekunja uso, mkono kwenye maiki. Na ng'ambo kule mashabiki wetu walikuwa wanaruka na nyimbo za Skimu, wanatazama kwetu, wanangoja aanze wimbo ndiyo warudi. Yeye anangoja wageuke ndiyo aanze.

Waliobaki wakaanza kuchungulia ng'ambo. Nao wakavuka.

Sosthenes akaacha jenereta. Alipoona vile akapita chini ya mikono ya watu, akavuka kamba, akaenda kumkamata Yotamu. Nilimwona anamvuta shati, anamwonyesha kidole kwetu, anapiga kelele ambazo hazisikiki. Akamvuta na mwingine. Akarudi kumvuta wa tatu.

Mzee Aroni kwenye kiti chake aliona watu wa Ubaruku wanaikimbia bendi yao wenyewe. Kwake yeye hiyo ilikuwa kura imeshapigwa, hakuna cha kungojea. Akapuliza.

Kamba ikanyanyuka.

Ilikuwa ajabu jinsi kule ng'ambo kicheko kilivyokatika. Yotamu alikuja mbio mpaka kwenye kamba, akaishika kwa mikono miwili.

"Mzee, ngoja! Sisi ni wa huku!"

"Wa huku mbona mko huko?"

"Tulikuwa tunamfundisha, mzee! Tulikuwa tunarudi!"

"Nilichokiona nimekiona," akasema Aroni. Akafungua chupa yake ya maji, akanywa.

Kwetu ungeweza kuona majani ya uwanja. Tulibaki mimi na mama mdogo, wanamuziki, akina mama wenye watoto mgongoni, na kijana mmoja mlevi aliyelala. Shigela akaacha kupiga. Silvester hakuwahi kuimba hata neno moja.

Unafikiri walimwomba radhi? Wakati wa kurudi nyumbani maneno yalishageuka. "Si tulisema? Kianzio chake kimetupoteza." "Watu wamemkimbia." Kufika sokoni walikuwa wanaamini kabisa kwamba walikimbia kwa sababu muziki uliwachosha. Yotamu mwenyewe aliyapokea hayo maneno, akayavaa.

Kesho yake asubuhi akaja na Mathew. Mathew alisimama mlangoni hataki kuingia, anatazama viatu vyake. Baba mdogo alishalitoa gitaa, limekaa juu ya kiti.

"Siyo kwa ubaya, mzee wangu," Yotamu akasema. "Ni kamati."

"Chukueni."

"Ungeimbisha tu, tungerudi. Hata ungesema hallo kwenye maiki."

"Na ninyi mngegeuka tu, ningeimbisha."

"Lakini wewe ndiye ulikuwa na gitaa."

"Nilikuwa nalo," akasema Shigela.

Mathew akalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Anapiga vizuri sasa, nisiseme uongo. Anaanza na wimbo moja kwa moja, watu wanacheza, wanamwita profesa. Hakuna anayebishana tena mashineni juu ya muziki, wanabishana juu ya mbolea.

Sosthenes alikuja mchana wa siku ile ile. Hakuketi.

"Shemeji, kamwene," akasalimia kikwao. "Mimi nilivuka kuwarudisha. Dada ni shahidi, alinitazama."

"Kamba inanyanyuliwa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kule, lakini..."

"Basi."

"Shemeji! Mimi ndiye niliyekutetea mwaka mzima! Kila siku natukanwa kwa ajili yako!"

"Ndiyo. Nilitazama upande wetu, nikakutafuta wewe, hukuwepo."

Regina akasema, "Baba, huyu hakuwa na nia ile." Shigela akamjibu kwamba hakuna mtu aliyekuwa na nia ile. Wote walikuwa wanarudi. Akatoka akaenda shambani, na huko alikaa mpaka ng'ombe za watu zimerudi zizini.

Tangu hapo mpunga wetu haukobolewi kwa Sosthenes. Kuna mashine nyingine mwisho wa mji, inavunja mchele vibaya, unatoka chenga tupu, lakini huko ndiko tunapopeleka. Baba mdogo anafunga gunia kwenye baiskeli na kuisukuma, mimi nashika nyuma, na njia ni moja tu, inapita mbele ya mashine ya Sosthenes.

Wiki iliyopita tulipita tena. Sosthenes alituona tukiwa bado mbali. Akaenda akazima mashine, ule mngurumo wote ukanyamaza ghafla, akatoka barabarani na mikono imejaa pumba.

"Shemeji," akaita. Hakuhitaji kupaza sauti.

Baba mdogo akasukuma baiskeli. Nikasukuma na mimi. Nyuma yetu foleni ikaanza kelele: "We Sosthenes, washa mashine! Tuna safari sisi!" Tulikuwa hatujafika hata kwenye daraja la mfereji, nikasikia amewasha.