Gazeti la Jirani na Wajane wa Mzee Akil

Gharib alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule wa mtu aliyetoa gazeti moja, mtaa mmoja, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Gazeti lenyewe laitwa Jirani, karatasi chache zilizokunjwa, hutoka kila Ijumaa huko Kuze, Mji wa Kale. Babake ndiye aliyelianzisha, kwa habari za meli na bei ya samli. Kukaja siasa, likanenepa. Watu wakaligombania barazani, asiyejua kusoma akasomewa. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu, na Jirani likakonda mpaka likabakiwa na kitu kimoja tu ambacho watu bado walikitaka: tanzia.

Kwani simu itakwambia fulani amefariki na anasaliwa msikiti upi. Jirani hukwambia alikuwa wa nani: mwana wa nani, mume wa nani, mkwe wa nani, na wafiwa wamekaa nyumba gani. Mwanamke wa Kuze haendi kutoa mkono wa pole hivi hivi. Hutaka kwanza ajue aende mlango upi. Na aliyeachwa nje ya tanzia, hata akiwa binamu wa mbali, hununa mpaka watu wakasahau alichonunia.

Basi Jumatatu hiyo alifariki Mzee Akil, muuza bizari, akazikwa siku hiyo hiyo. Jumatano mwanawe Ziad akaleta majina ofisini, chumba kile kidogo juu ya duka la kofia. Gharib akavaa miwani, akawa anayapiga chapa pole pole. Mjane, Maisara. Watoto, Ziad na dada zake. Hajamaliza, simu ikalia.

“Ami Gharib, mimi naitwa Yumna, niko Likoni. Ni mke wa Akil, nimekaa eda.” Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha watu. “Tangu azikwe hakuna aliyebisha mlango wangu. Na mimi siwezi kutoka nikajitangaza. Nitie gazetini, ami, watu wajue kuwa nami nimefiwa.”

Gharib, kwa masikio yake ya siku hizi, huiacha simu ipaaze sauti. Ziad alisikia yote.

“Huyo usimtie.”

“Asema uongo?”

“Si uongo. Ndoa ipo. Lakini mama hajui, ami. Miaka yote hii tumemficha. Leo aje asome gazetini, naye yuko ndani ya eda? Utamuua.”

“Na huyu wa Likoni?”

“Huyo ana Mungu wake.”

“Mungu ni huyo huyo, mwanangu.”

“Ukimtia, sisi na Jirani basi. Na tulivyo wengi hapa Kuze, wajua mwenyewe.” Akashuka ngazi bila kuaga.

Gharib akabaki na mikono juu ya meza. Angeweza kusema kasahau. Nani angemlaumu mzee? Majina aliwahi kuyasahau, akanuniwa, yakapita. Lakini kumwacha mfiwa kwa kusudi, hilo hata babake hakulifanya, siku zile gazeti lilipokuwa na nguvu ya kuwafanyia watu ubaya. Na alikuwa amechoka kugombana.

Iko desturi moja ya Jirani: tanzia husomewa mfiwa mkuu kabla ya kupelekwa mtamboni. Jioni Gharib akaenda kwa Maisara, akakaa dakani, penye mlango wa mbele, akamsomea aliye ndani, pazia katikati. Majina yale yale aliyoletewa. Alipofika mwisho, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

“Mbona wakomea hapo?”

“Ndiyo majina niliyopewa, bi.”

“Na nani?”

“Na Ziad.”

“Maskini mwanangu, akili zake kama za babake. Na Yumna?”

Gharib akavua miwani. “Kumbe wamjua, bi?”

“Tangu Akil aanze kurudi hapa ananukia udi usiokuwa wangu. Watoto wakidhani wanificha, nikawaacha wadhani. Wangehangaika bure.” Akakohoa. “Sikumpenda, wala leo simpendi. Lakini mimi nimepewa mkono mpaka kiganja chaniuma, nimechoka kuitika pole, na yule hana hata mmoja wa kumwambia pole. Mtie. Na mtaa wake uandike vizuri, watu wasipotee. Lakini Gharib!”

“Labeka, bi.”

“Jina langu likae juu.”

Ijumaa Jirani likatoka. Ziad alilichukua mlangoni mwa msikiti, akalisoma amesimama, akalikunja, akalitia mfukoni.

Baada ya alasiri Gharib akajikokota hadi Feri, kumpelekea muuza magazeti wa pale nakala za ng'ambo, za Likoni. Akakuta wanawake wa Kuze wamejaa, mabuibui matupu, mmoja ameshika Jirani akiwasomea wenzake jina la mtaa wa Yumna. Nyuma yao alikuwa Ziad, jasho lamtoka, ameinamia sufuria kubwa la pilau asiloweza kulinyanyua peke yake.

“Wapi tena, mwanangu?”

“Mama kanituma.” Hakumtazama usoni. “Usisimame tu hapo, ami. Shika upande huo.”

Gharib akaweka magazeti yake juu ya kifuniko, akashika.