Jina la Marehemu Athanas Lutonja

Mtoto wa Zipora alianza kulia wiki ile ile aliyobatizwa. Hakulia kwa njaa, wala kwa tumbo, wala kwa meno. Kutwa nzima alicheza vizuri tu na vifuniko vya sufuria, lakini jua likianza kuinama, saa ambazo wachimbaji wa Bugarama hupokezana zamu kwenye maduara, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba kufuata dhahabu, aligeuza uso mlangoni, akatulia kidogo kama anayemtambua mtu, kisha akaanza. Kilikuwa kilio kizito, cha mtu mzima aliyefiwa. Giza likiingia ananyamaza mwenyewe.

Zipora alikuwa mama lishe, na kibanda chake kilikuwa karibu na makarasha, mashine za kusagia mawe. Wateja walianza kuhama. Nani awalaumu? Mtu ametoka chini ya ardhi, mzima, anataka kula ugali wake kwa amani. Hataki mtoto wa mwaka mmoja na nusu amkodolee macho nyuma ya bega lake na kulia.

Zahanati walitoa dawa ya minyoo, hawa hawakosi dawa ya minyoo. Hospitali ya wilaya walipima kila kinachopimika wakasema mtoto ni mzima. Mzima gani anayebaki mbavu? Kila alipopelekwa kupimwa uzito ulikuwa umeshuka, na Zipora, ambaye alishazika mtoto mmoja kabla ya huyu, alianza kuogopa hata kumvua nguo.

"Huyu analilia jina," alisema mama yake, bibi Paskalia, mzaliwa wa Kagongwa, anayekwenda misa kila Jumapili na asiyeona ugomvi wowote kati ya misa na mambo ya Wasukuma. "Yuko mkubwa wa nyuma anataka kukumbukwa. Tutaje majina ya waliokufa. Likitajwa lake, mtoto atanyamaza."

"Jina si analo, mayu? Tumempa la baba."

"Basi siye baba yako anayetaka. Atakuwa baba yake, au babu yake. Wataje."

Hapo ndipo palikuwa na tatizo, maana hawakuwa na wa kumtaja. Baba wa mtoto, mnunuzi wa dhahabu wa Geita, alipotea kabla mimba haijaonekana, na hakuleta kwao hata kuku. Kwa desturi mtoto ni wa upande wa mama. Na upande huo ulikuwa ni mtu mmoja tu: marehemu Athanas Lutonja, baba yake Zipora, aliyefika Bugarama kijana, na blanketi moja, akasema ametokea huko Ushirombo, akaoa, akachimba, akazaa, akafa kwa kifua. Ukimuuliza habari za kwao alitafuta kazi ya kufanya nje.

Jirani wa Zipora, Loveness, mwenye kibanda cha kutuma pesa, ndiye aliyemtafutia kwenye simu. "Siku hizi hakuna ukoo usio na grupu," alisema, na kweli walilikuta: Ukoo wa Lutonja, watu mia mbili na zaidi, wa Geita, wa Mwanza, wa Dar es Salaam, mpaka mmoja wa Uarabuni. Msimamizi wake aliitwa Benedict Lutonja, mwalimu mstaafu wa Geita ambaye, kwa kukosa wanafunzi, aliuchukua ukoo mzima akaufanya darasa.

Wenye uzoefu wa magrupu hayo wanajua mambo yake. Asubuhi picha za maua na neno la Mungu, mchana michango ya harusi, jioni ugomvi wa siasa. Lakini mwalimu Benedict alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, kuunganisha matawi. Mgeni alitakiwa ajieleze: baba yake nani, walitoka wapi, mwiko wao ni nini.

"Sisi kina Lutonja hatugusi kamongo," aliandika mwalimu. "Je, marehemu mzee wetu alikuwa anakula kamongo, dada Zipora?"

Zipora aliitazama simu. Baba yake alikuwa akimpenda samaki yule mwenye sura ya nyoka kuliko nyama ya mbuzi. Akipikiwa, alinyonya mifupa mpaka ikawa myeupe. Lakini mtoto, huyu aliyepewa jina lake, tangu aanze kula hakuwahi kumeza kamongo. Hata mchuzi tu aliutapika. Jambo hilo Zipora alikuwa ameliona na kunyamaza nalo, na lilimtia baridi zaidi kuliko kilio.

"Hakuwa anamgusa," aliandika.

Wakamkaribisha kwa vifijo. Karibu nyumbani shangazi. Shikamoo bibi mdogo. Tulikuwa tunakutafuta. Watu asiowajua walimwita dada, wakamtumia picha za watoto wao ili atazame pua, na yeye akaziona zimefanana na yake kweli. Hakuwahi kuwa na watu wengi kiasi hicho. Alilia juu ya beseni la vyombo, kwa furaha, na kwa aibu ya ule uongo ambao tayari ulishampa ndugu.

Mwalimu alimtumia majina ya wakubwa, kizazi kwa kizazi. Saa ya kilio ilipofika, Zipora na mama yake walikaa mkekani, wakamweka mtoto katikati, wakaanza kuita. Kashindye, ni wewe? Ntobi, ni wewe? Mahona, mwenye ng'ombe wengi, ni wewe? Wakamaliza wanaume wakaingia kwa wanawake. Mtoto hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anatazama mlango.

Ndipo mwalimu akaomba picha ya marehemu, ili aioneshe kwa wazee. Zipora alikuwa na moja nzuri, baba amesimama mbele ya kibanda na kofia yake, akicheka. Akaituma. Mchana ule grupu zima likanyamaza. Hakuna ua, hakuna mchango, hakuna aliyemtukana mtu. Kisha mwalimu akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya darasani.

"Dada yangu, nina shangazi hapa Ushirombo, Euphrasia. Athanas ni mdogo wake, tumbo moja. Nimemwonesha picha. Anaomba uje. Na umlete mtoto."

"Amesemaje kuhusu picha?"

"Njoo tu, dada."

Walikwenda wote watatu, kwa basi la Kahama kisha la Ushirombo. Bibi Euphrasia aliwapokea uani, amekaa kwenye kigoda, kikongwe mwembamba mwenye rozari shingoni. Zipora alipiga magoti, "Shikamoo shangazi." Bibi aliitikia marahaba, lakini polepole, kama mtu anayepokea kitu asichojua ni cha nani. Simu ya mwalimu ilikuwa mkononi mwake, na picha ilikuwa bado wazi.

"Huyu namjua," alisema. "Alikuja kula hapa, siku mbili kabla hawajaondoka kwenda machimboni. Mama alimchinjia jogoo. Alikuwa mcheshi. Walikutana mnadani, yeye na mdogo wangu, wakashibana. Jina lake sikulishika, sisi tulimwita rafiki yake Athanas. Sasa niambie, mwanangu. Kwa nini huyu anaitwa Athanas, na Athanas wangu yuko wapi?"

Mwalimu Benedict alitazama viatu vyake.

"Tulisikia habari," bibi aliendelea. "Wafanyabiashara walikuwa wanapita, wanasema Athanas Lutonja yuko Bugarama, ana mke, ana mtoto, hajambo. Miaka yote hiyo hajambo, na hatutumii hata salamu. Mama alikasirika. Alikufa amemkasirikia, ameshasema asitajwe jina lake msibani. Hatukumlilia, mwanangu. Mtu aliye hai halililiwi."

Zipora angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hajui, na hakuna ambaye angemsuta. Kile alichokuwa nacho, hata mama yake Paskalia hakukisikia, maana ni yeye Zipora aliyekesha na mgonjwa zile siku za mwisho. Baba alikuwa amegeukia ukuta, akizungumza na mtu. "Ilikuwa zamu yangu, Athanas," alisema, tena na tena, kwa sauti ya kubembeleza. "Nilikuwa na homa. Wewe ndiye uliyesema ushuke badala yangu. Athanas, kamba niliishika, kamba haikuwa na kosa, ni udongo." Zipora alidhani ni homa inamsemesha peke yake. Akamkanda kwa kitambaa cha maji.

Na sasa yalikuja mengine, bila kuitwa. Jinsi baba alivyokuwa haitikii mpaka aitwe mara ya pili. Watu walimwita kiziwi, wakamtania. Hakuwa kiziwi. Mara ya kwanza alikuwa anasubiri aone kama mwenye jina ataitika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mtoto, mgongoni kwa Paskalia, aligeuka akatazama mlango wa ua, nao ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu.

Zipora akasema yote. Alisema maneno ya ukutani kama yalivyokuwa. Alisema pia habari ya kamongo, kwamba baba alikuwa anakula, kwamba yeye aliwadanganya kwa tamaa ya kuwa na watu. Kila sentensi iliyomtoka aliiona inamng'oa kutoka pale alipokuwa amekaa, lakini mtoto alikuwa ameanza kulia, kilio kile kile, na mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka. "Kwenye duara huwa wanaandikisha nani kashuka," alimalizia. "Siku hiyo ilikuwa zamu ya baba. Nadhani waliokuwa juu walisoma majina, si sura, wakahesabu kwamba aliyefukiwa ni yeye. Akaogopa kulaumiwa. Akaondoka machimbo yale, akaja Bugarama na jina lililobaki hai."

Paskalia alijifunika uso kwa kanga. Aliishi na mtu huyo miaka zaidi ya thelathini.

Bibi Euphrasia aliinuka kutoka kwenye kigoda, akafungua kilemba akakiacha kianguke, akaweka mikono kichwani, na akalia. Lilikuwa lile yowe linalopigwa mwili unapoingia uani, ambalo hata watoto wa vijiji vile wanajua maana yake. "Mdogo wangu Athanas. Mama hakujua. Mdogo wangu, mama hakujua." Wanawake wa jirani walisikia wakaacha majembe, wakaja mbio, hawakuuliza ni nani, wakapokea kilio. Ua ukajaa.

Na mtoto akanyamaza. Zipora alimtoa mgongoni kwa mama yake, akamkazia macho. Alikuwa anamtazama yule kikongwe anayelia, kwa utulivu, kwa makini, kama mtu aliyefika nyumbani kwao akakuta bado wanamkumbuka. Hakuwa anatazama mlango tena. Zipora alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini pia nywele zilimsimama, kwa sababu hakujua huyu aliyempakata ni nani.

Walizika mgomba, kama inavyofanywa mwili usipopatikana. Katekista alisali, mwalimu Benedict alitangaza kwenye grupu, na watu mia mbili waliandika pumzika kwa amani kwa mtu aliyekufa kabla wengi wao hawajazaliwa. Mtoto akala, akalala, akanenepa. Zipora hawakumtoa kwenye grupu. Bibi Euphrasia mwenyewe alikataa. "Mtoto ana jina letu, ni wetu," alisema, "na mama yake hatuwezi kumtupa." Aliomba kitu kimoja tu, tena kwa upole, akimshika Zipora mkono. Kule Bugarama kuna msalaba wenye jina la mdogo wake, juu ya mtu mwingine. Uondolewe.

Hivyo Zipora alikwenda makaburini na fundi, mzee Festo, mwenye kopo la rangi nyeusi na brashi. Waliung'oa ule msalaba wa zamani. Haukuwa mzito, mchwa walishakula chini. Fundi akasimika mpya, mweupe, akachovya brashi, akasubiri.

Zipora alisimama pale akitafuta. Mahali fulani, Shinyanga au mbali zaidi, huenda kuna watu waliopelekewa habari kwamba kijana wao kafukiwa. Walimlilia wakamaliza. Wana jina lake, na hawamtafuti. Hakuna grupu ambalo angeweza kuingia akauliza, maana angeuliza nani? Mtu aliyemfundisha kutembea, aliyemnunulia sare ya shule, alikuwa amelala pale chini, na yeye hakuwa na namna ya kumwita. Aliona uchungu kuliko siku aliyomzika.

"Niandike nani, mama?" fundi aliuliza. Rangi ilikuwa inadondoka kwenye nyasi.

Aliwaza nyumbani, zamani, mama yake jikoni akiita chakula kimeiva, na baba akiitika mara ile ile ya kwanza.

"Andika Baba Zipora."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Hilo lilikuwa lake."