Mlango wa Gari la Baba Uliokataa Kunyooka

Wenzangu mliokulia ugali wa muhogo na wimbi, njooni tukumbushane jinsi gari lilivyotibiwa nyumbani. Kijana wa leo akikwaruza bampa, kwanza anapiga picha, anawatumia marafiki wamwonee huruma, halafu anakaa kitako kungoja mtu wa bima. Sisi hatukujua bima ni mdudu gani. Gari likibonyea liliegeshwa uani, na kila mwenye mikono akawa fundi. Au tulidhani ni fundi, kwa maana mimi mpaka leo sijui vizuri tulichokuwa tunafanya.

Kwetu ni nje kidogo ya Malaba, ambapo ulilala ukisikia matrela yakinguruma kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Baba alikuwa na gari dogo aina ya saluni, la rangi ya maziwa, la pekee upande wetu wote. Kabla ya kulipanda ulikung'uta miguu, hata kama umevaa viatu vya kanisani. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kula mahindi ya kuchoma mle ndani, naye ni shangazi Nafula, dada mdogo wa Baba. Wazazi wao walifariki Nafula akiwa bado anajifunza kutembea, na Baba, yeye mwenyewe kijana tu, akamlea. Kwetu sisi watoto alikuwa kama dada mkubwa. Alitusuka, alituchapa, na tukitafutwa na wengine tuchapwe, alituficha.

Basi Nafula akapata mchumba, mwalimu wa kule Funyula. Mahari ikamalizwa, Jumamosi ya kanisa ikapangwa. Wakwe wakasema wataleta gari la kumchukua bibi harusi. Baba akasimama mbele ya wageni wote, sahani ya kuku mkononi, akasema, "Nafula atatoka hapa na gari ya huku kwao. Kama si hiyo, hatoki." Wageni wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba shangazi kweli anaondoka.

Wiki ya harusi Baba aliliosha gari, akalipaka nta mpaka ukaweza kujitazama meno mlangoni. Kumbe si sisi tu tuliojitazama. Fahali wa jirani akapita, akageuza shingo, akaona fahali mwingine anamkodolea macho. Akakwaruza chini, akaingia na pembe. Mlango wa nyuma, ule ule ambao bibi harusi angeingilia, ukabaki umebonyea kama karai.

Fundi wa bodi alikuwa pale barabarani tu, nyundo zake tulizisikia kutoka jikoni. Mama akasema, "Baba Nekesa, si uipeleke kwa fundi?" Nekesa ndiye mimi. Baba akamjibu, "Huyu Nafula nimemlea na mikono yangu. Hata mlango wake nitaunyoosha na mikono yangu." Nikajiuliza kulea mtu na kunyoosha mlango vinakutana wapi, lakini nani angemuuliza Baba? Ungekula kofi ukose jibu.

Kazi ikaanza. Baba alifungua ubao wa ndani wa mlango, akaingiza mchi wa kinu, akawa anagonga kutoka ndani kuja nje. Ajabu ni kwamba ukisukuma hapa, kule kunatokeza. Ukirudisha kule, hapa kunazama tena. Mjomba Ekisa, kaka yake Mama, alikuwa amevuka kutoka Tororo kwa ajili ya harusi, na akajitwika cheo cha msimamizi. "Mpola mpola, polepole, shemeji! Bati halitaki hasira!" Yeye dawa yake ilikuwa maji ya moto, halafu mara moja maji baridi. Tukapanga foleni na majagi, huyu moto, yule baridi, mpaka tukachanganyikiwa, wa moto akamwaga wakati wa baridi na Mjomba akaungua kidole cha mguu. Aliruka akitukana kwa Kiteso, Mama akajifanya haelewi lugha ya kwao.

Mlango ulipokuja nje kiasi, vikabaki vishimo. Bodifila ya Baba, ile dawa ya kuziba vishimo vya bati, ilikuwa imekauka kwenye mkebe. Hapo Mama akaingia, na jamani, mama zetu walijiamini. Alikuwa bingwa wa kusiriba kuta, hakuna ufa uliomshinda. Akapika uji mzito wa muhogo, akauchanganya na majivu yaliyochekechwa, akausiriba mlangoni kwa kiganja. Ukakauka juani ukawa laini, Baba akaupiga msasa, Mjomba akapitisha shavu lake pale akatikisa kichwa kwa heshima. Tukaenda kula mchana tukijisifu. Tuliporudi, mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanaulamba mlango wa bibi harusi. Walikuwa wamefika kwenye bati.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwangalia Baba nikitegemea atapasuka kwa hasira. Badala yake aliwatazama wale mbuzi kwa upole kabisa, akasema, "Basi tutaanza upya." Hata hakuwafukuza. Nilishangaa sana.

Mjomba akavuka akaleta bodifila ya kweli. Ikapakwa, ikakauka, ikapigwa msasa. Rangi tuliinyunyiza kwa pampu ya dawa ya kupe, baada ya Mama kuiosha, lakini tuseme ukweli, haikuoshwa vya kutosha. Na kina mama waliokuja kusaidia walikuwa wanapepeta wimbi hapo hapo uani, upepo ukaleta makapi yote kwenye rangi mbichi. Mlango ukaota manyoya. Jirani akapita akauliza kama gari linajiandaa kwa baridi. Baba akasema tena, kwa sauti ile ile ya upole, "Tutaanza upya." Mjomba akamnong'oneza Mama, "Dada, huyu mzee yuko sawa?" Mama akaichukua pampu akaenda kuiosha tena.

Ijumaa mchana mlango ukawa tayari. Haukufanana kabisa na gari lingine, ulikuwa na umanjano kidogo, lakini ulikuwa umenyooka, bila shimo wala kinundu. Mjomba akaenda kuoga. Mimi nilikuwa nyuma ya gari naokota vipande vya msasa, nilivipenda vile vilivyochakaa, vya kusugulia kisigino. Nikamwona Baba akija peke yake na nyundo. Akapitisha kiganja mlangoni, polepole, kutoka juu mpaka chini. Kisha akagonga. Ko! Katikati ya mahali palipokuwa pamenyooka kabisa. Rangi ikapasuka, shimo likaingia. Nikafikiri labda ameona kitu ambacho mimi sioni. Akagonga tena.

Shangazi Nafula alitoka ndani ya nyumba, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Alisimama akamtazama, akatazama mlango. Nilidhani atalia, maana harusi ni kesho na gari limeharibika upya. Akamsogelea, akaishika ile nyundo mkononi mwa Baba, hakuinyang'anya, aliishika tu pamoja naye.

"Kaka," akasema, "imetosha. Huu mlango uko sawa. Wacha niende."

Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye matanga, aliweka paji la uso juu ya gari lake la thamani na mabega yakaanza kutikisika. Mimi nikasimama na vipande vyangu vya msasa, sijui nikimbie nimwite Mama au nijifanye sipo. Akili yangu ya kitoto ilikataa kabisa. Mtu anatengeneza gari siku zote hizo, halafu analiharibu mwenyewe, halafu analia kwa sababu limeharibika?

Kesho yake Nafula aliingia kwa mlango ule ule wenye shimo, gauni jeupe likagusa rangi isiyokauka vizuri, akapata alama ya umanjano kiunoni. Alikataa kuifuta. Baba aliendesha mpaka Funyula taratibu mno, hata baiskeli zikatupita.

Zamani kumtoa mtu nyumbani ilikuwa kazi, ndugu zangu. Siku hizi kila kitu kiko tayari, kimesafishwa, hakikwami popote. Leo asubuhi gari la kukodi limeingia uani kwangu, jeusi, lina riboni, limekuja kumchukua binti yangu. Fundi hakuhitajika, mbuzi hawakuitwa. Nikatoka nje na kanga yangu, nikalizunguka lote, mlango kwa mlango, nikipitisha kiganja.

"Mama, unatafuta nini hapo?" binti akaniuliza kutoka dirishani.

Nikamwambia hakuna kitu. Na kweli hakuna. Limenyooka kila upande, sijaona hata mahali pa kugonga.