Dakika Nane Baada ya Kadi

Kiwandani walimwita Komando, kwa sababu mama huyu alibeba gunia zima la unga begani peke yake huku wanaume wakisaidiana wawili wawili na bado wakilalamika. Kwa miaka kumi na minne alisimamia mashine ya kukandia unga katika kiwanda cha mikate, na wanawe watatu walisoma kwa jasho la mashine hiyo.

Kiwanda kilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Saa kumi na moja jioni kengele ikilia, kila mtu alikwenda kugonga kadi kwenye saa ya ukutani, kisha akarudi kusafisha mashine yake. Ndiyo, kisha. Ukisafisha kabla ya kengele, msimamizi alikufokea kwamba unaiba muda wa kazi. Ukichelewa kugonga kadi, alikuita ofisini akakuuliza nani kakutuma ufanye saa za ziada. Na ukiondoka ukaacha unga umegandia kwenye pipa la mashine, kesho yake usijisumbue kuja. Basi watu waligonga, wakarudi, wakasugua. Wakazoea, na mazoea yana taabu.

Siku ile kadi ya Komando ilisoma saa kumi na moja na dakika mbili. Dakika nane baadaye, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya pipa na kitambaa, mtu wa zamu nyingine aliwasha swichi kubwa. Vidole vitatu vilikwenda.

Mahakama ya kwanza ilimpa haki yake. Mwenzake wa mashine ya pili alipanda kizimbani akaieleza desturi nzima, tangu kengele hadi kitambaa. Msimamizi naye akaapa, mkavu wa macho, kwamba hajawahi kumwamuru mtu asafishe baada ya kadi. Hakimu hakumwamini, akaamuru fidia ilipwe. Komando alidhani yamekwisha, kumbe mwenye kiwanda alikuwa mbioni kukata rufaa.

Siku ya hukumu ya rufaa Komando alikwenda na bintiye mkubwa, ambaye ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi asubuhi hiyo, kama kila asubuhi. Jaji wa katikati alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kadi, alisema, ndiyo ushahidi bora wa saa za kazi. Baada ya kugonga kadi, mfanyakazi huyu hakuwa kazini tena, bali alibaki kwa hiari yake. Rufaa imekubaliwa, fidia imefutwa.

Kwa hiari yake! Hebu tuambizane ukweli. Nani, baada ya kusimama kutwa nzima, atatumbukiza mkono kwenye pipa la tajiri kwa hiari yake? Alikuwa akitafuta nini mle, hereni? Majaji watatu, waliosoma mpaka nywele zikawa nyeupe, waliamini kipande cha karatasi kuliko mkono uliokuwa mbele ya macho yao. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa waliishia kwenye kunyonga.

"Hakuna mahakama nyingine juu ya hii, mama," wakili wake alisema nje, akitazama viatu vyake. Alikuwa kijana wa msaada wa kisheria, na aibu yote ya jengo lile alikuwa ameibeba yeye. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Wewe hukuwasha swichi. Nipatie nakala ya hiyo hukumu."

Nakala ilipotoka, jioni hiyohiyo Komando alikwenda kiwandani. Bawabu alimwona, akageukia ukutani kama anayesoma tangazo. Kengele ikalia, watu wakapanga foleni kwenye saa ya kadi. Komando akamkabidhi karatasi mwenzake wa mashine ya pili.

"Soma hapa, shoga yangu. Usiruke neno."

Yule mama akasoma kwa sauti: akishagonga kadi, mfanyakazi hayuko kazini.

"Kwa hiyo mimi nikigonga, humu ndani ni mpita njia tu?" akauliza mpakiaji wa mikate.

"Ndivyo walivyosema majaji watatu," Komando akajibu.

"Basi sheria ni msumeno, hukata huku na huku." Mpakiaji akagonga kadi, akachukua mfuko wake, akatoka. Wakafuata wote, mmoja baada ya mwingine.

Msimamizi akaja mbio. "Nyinyi, mnakwenda wapi? Mashine atasafisha nani?"

Hakuna aliyegeuka. Komando hakuwa na furaha yoyote usoni, maana vidole havioti. Akaokota kitambaa kwa mkono wake wa kulia, kwa vile vidole viwili vilivyobaki, akamnyooshea.

"Safisha wewe, bosi. Wewe hugongi kadi. Ukikatika vidole, utakuwa kazini."

Msimamizi akautazama ule mkono. Hakukipokea kitambaa.