Mwisho wa Waya wa Fundi Masudi

Asubuhi ile nilitoka Bangwe bila kujua naenda wapi, jambo ambalo kwangu si geni. Nilikuwa nimelala kwa binamu yangu siku kadhaa, nikaamka nikaona miguu inaniwasha, nikakunja kanga zangu ndani ya mfuko na kuaga. "Unakwenda wapi tena, Zena?" akaniuliza. Nikamwambia nitajua nikifika. Hakushangaa. Tangu nilipoacha shule darasa la tano na kupanda boti ya wauza dagaa kama mpishi, ndugu zangu wamezoea. Nikija wananipakulia, nikiondoka wananisahau mpaka nije tena.

Mwandiga nikasimama kunywa chai, na hapo ndipo simu yangu ikaita kwa mlio wa grupu letu. Niseme kwanza grupu ni lipi. Sisi ni watu wazima tuliokulia Ujiji, wengine sasa wako Tabora, wengine Dar, mmoja anaendesha lori mpaka Lubumbashi. Kazi yetu humo ni kuwekeana picha za zamani. Hakuna mahubiri wala harambee. Sharti ni moja tu: huweki picha bila kueleza siku hizo ulikuwa unapenda kucheza nini. Kwa hiyo ukiona kijana mwenye suruali pana kama shuka, chini yake atakuandikia kwamba alikuwa bingwa wa kuendesha ringi ya baiskeli kutoka sokoni hadi ziwani bila kuiangusha. Bibi harusi mwenye uso wa huzuni ataeleza kwamba alikuwa akiokota kokwa za michikichi na kuchezea mdako, na kwamba huzuni ile ni ya kuambiwa mdako sasa basi.

Mimi picha sina. Ninachoweka ni maelezo tu. Maana ukitazama picha nyingi za grupu letu utaona mtu ameshika simu nyeusi ya mezani, na kutoka kwenye simu hiyo kuna waya unaokwenda pembeni na kupotea. Huko unakopotea, mara nyingi niko mimi.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka studio ya Fundi Masudi. Ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya dawa za kusafishia picha na ya migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyokaangwa nyumba ya jirani. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege inatua juu ya ziwa, kwa sababu mchoraji alimaliza nafasi kabla hajafika kwenye uwanja. Mbele ya pazia palikuwa na stuli, maua ya plastiki, na simu. Simu ile haikuwa imeunganishwa popote. Fundi aliipata ikiwa mbovu kwenye ofisi iliyohama, na mjini kwetu hapakuwa na njia nyingine ya kuonekana mtu mkubwa isipokuwa kupigwa picha unazungumza na simu. Wengi wetu hatukuwahi kuigusa simu maishani, kwa hiyo nusu ya watu wazima wa Ujiji wamepigwa picha wanaongea upande wa kusikilizia na kusikiliza upande wa kuongelea. Fundi hakuwarekebisha. Alisema mkono ukikaa vizuri inatosha.

Tatizo lilikuwa ule waya. Ukining'inia chini, picha inakuwa ya uongo. Ndipo fundi akabuni kwamba mtoto mmoja aushike mwisho wake, aingie nyuma ya pazia na kuuvuta, uonekane kama unakwenda posta. Sisi watoto tukaugeuza mchezo. Tuliacha gololi, tuliacha kombolela, tuliacha hata zamu ya kufukuza kunguru kwenye dagaa waliotandazwa mchangani, tukapanga mstari nje ya studio kungoja kushika waya. Na aliyeushika alikuwa na kazi ya siri: kumjibu mpigaji. Bwana mmoja atakohoa aseme, "Halo, Dar es Salaam?" na nyuma ya pazia sauti nyembamba itamjibu, "Dar es Salaam wamekwenda kuoga, piga kesho." Fundi alitufukuza kwa kandambili, kesho yake tukarudi.

Alikuwa mkali kwa sababu picha nzuri ya enzi hizo haikuwa na kicheko. "Funga mdomo," alikuwa akisema. "Meno ni ya kulia chakula." Ukicheka, picha imeharibika, inaingia kwenye boksi chini ya meza, unapigwa nyingine.

Aliyenilea ni bibi yangu, mama yake baba, Bibi Nyota. Alizaliwa ng'ambo, Kalemie, akaolewa huku, akabaki. Mdogo wake wa kike alibaki kule. Walitumiana salamu kwa watu wa maboti, na kila salamu ya mdogo mtu iliishia palepale: chumvi ya Uvinza iko wapi? Bibi alikuwa akituigizia sauti hiyo huku akisonga ugali wa muhogo, jasho linamtoka, na sisi tunagaragara kwa kucheka. Picha alizikataa miaka yote. Siku moja akakubali, ili mdogo wake aone kwamba bado ana nguvu.

Alikaa kwenye stuli na kitenge chake cha sikukuu. Fundi akampa simu. Bibi akaitazama.

"Nimpigie nani?"

"Yeyote, bibi. Haifiki."

"Kama haifiki, nipe Kalemie. Bora isifike kwa karibu."

Akaiweka sikioni, kichwa chini miguu juu kama wenzake wote, na akapaza sauti kama mtu anayeita boti. "Halo, Kalemie? Mdogo wangu yupo?" Zamu ya waya ilikuwa yangu. Nikabana pua. "Yaya," nikamjibu, kama kule ng'ambo wanavyomwita dada mkubwa, "chumvi iko wapi?"

Bibi alicheka mpaka kilemba kikamwegemea sikioni. Taa ya kamera ikawaka katikati ya kicheko. "Imeharibika," fundi akasema. Mimi nikatolewa nje na kandambili, na picha ya pili ikapigwa waya ukiwa umefungwa kwenye mguu wa meza. Hiyo ya pili ndiyo iko kwa shangazi yangu mpaka leo, imewekwa kwenye fremu. Kila ninapopita pale huitazama. Ni mama mmoja aliyenyooka, amefunga mdomo, anasubiri kusomewa hukumu. Bibi alifariki mimi niko kwenye maboti huko kusini. Na hapa naomba mnielewe, maana mimi si mtu wa kulialia: miaka inavyokwenda, uso wa yule mama wa kwenye fremu umekuwa ukimfukuza bibi kichwani mwangu. Nikifumba macho namwona yeye. Bibi mwenyewe alikuwa karibu kupotea.

Basi pale Mwandiga, chai mkononi, nikafungua simu. Tausi, binti wa Fundi Masudi, ambaye anaishi Kidahwe na kukusanya picha kama wengine wanavyokusanya vikombe, alikuwa ameandika: "Nimepata boksi la baba la zilizoharibika. Mvua imeliingia. Zimegandana kama chapati."

Nikamwandikia: "Kuna ya bibi mwenye simu, anacheka?"

"Wote wanacheka, shoga. Ndiyo maana wako humu. Njoo kabla hazijaoza."

Hivyo ndivyo nilivyojua naenda wapi. Nikapata lifti ya pikapu iliyokuwa ikipeleka mihogo, nikakaa juu ya magunia na upepo wote wa vilima ukawa wangu.

Tausi nilimkuta uani ameinamia beseni. "Shusha mfuko, nawa mikono," akasema hata kabla ya salamu. Alikuwa ameloweka picha kwenye maji safi kama mtu anavyoloweka maharage, na alikuwa akizibandua moja moja kwa kucha, polepole, akizilaza kwenye ungo. Alijifunza kwa baba yake kwamba ukivuta kavu, unang'oa uso wa mtu. Tukainama wawili. Walitoka maharusi wanaopiga chafya, askari aliyebanwa na kicheko, mtoto aliyekimbia ikabaki stuli. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuona kuna nini.

Chini kabisa palibaki bonge moja. Tausi akaligeuza, nikaona pindo la kitenge ninachokijua. Nikamwambia ngoja. Nikajipangusa mikono kwenye kanga, nikamwambia endelea, nikatazama kuku.

"Imetoka," akasema. "Lakini simu imeondoka."

Kweli. Ile simu nyeusi ilikuwa imebanduka na kubaki mgongoni mwa picha nyingine, na mahali pake pakawa na weupe mtupu. Lakini bibi alikuwepo. Kilemba sikioni, pengo la mbele wazi, macho yamefungwa kwa raha. Waya nao ulibaki, umeanzia kwenye weupe, umekwenda mpaka ukingoni mwa pazia, na hapo kwenye ukingo pana vidole vya mtoto. Ndiyo picha yangu pekee ya utotoni, wapendwa. Sharti la grupu nimelitimiza.

Jua lilikuwa linashuka na Tausi alikuwa na wageni ndani, akanipa picha ikiwa bado mbichi, nikatafuta nyumba ya kulala wageni kando ya barabara. Binti wa mapokezi alikuwa anajipiga picha, ameshika shavu, amebinua midomo. Alipiga, akatazama, akafuta, akapiga, akafuta. Vijana wetu hawa wana kamera mfukoni mchana kutwa, na kila inayotoka na kicheko cha kweli wanaitupa, na wala hawana boksi chini ya meza ambalo miaka ikipita mtu atakuja kuliloweka. Sisi tulipigwa moja kwa mwaka, tena tumenuna, na bado kicheko kilipata pa kujificha. Sijui wajukuu wao watabandua nini.

Akanionyesha chumba. Nikafunga kamba kwenye chandarua nikaitundika picha ikauke, naye akasogea, akaikodolea.

"Mama, huyu bibi anacheka na nani? Mbona yuko peke yake?"

"Fuata huo waya," nikamwambia.